Soma kwa Sauti Inayosikika Moyoni



Katika nyumba nyingi za Kikristo Biblia ya jioni husomwa mbio mbio. Sauti ni ile ile tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu anayeita majina ya wagonjwa kwenye foleni. Watoto wanasinzia, na Amina ikisemwa wanaamkia chakula. Mtoto wa namna hiyo hukua akidhani Neno la Mungu ni kitu cha kuvumilia.

Zamani Neno lilifika kwa watu kwa kusomwa wakisikia. Katika Nehemia sura ya 8, Ezra alisoma torati mbele ya wanaume na wanawake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ilisomwa ikaeleweka, na watu wakalia. Hata towashi wa Kushi, katika Matendo sura ya 8, alisoma kwa sauti garini mwake. Ndiyo maana Filipo alimsikia.

Jaribu Luka 15, habari ya mwana mpotevu. Mwana mdogo anapodai urithi, kiburi chake kisikike. Anaporudi, iwe sauti ya mwenye njaa na aibu. Baba anapoagiza joho, pete na viatu, soma kwa furaha, maana ana haraka. Ndugu mkubwa anapogoma kuingia, hasira yake isifichwe. Hapo huenda kifunguamimba wako akainua kichwa, maana maneno hayo anayajua.

Pitia sura hiyo mapema, ukiwa peke yako. Tua penye mkato, pumzika penye nukta. Lakini usifanye maigizo. Sauti ni mtumishi wa Neno.

Wape watoto zamu. Anayekwama asichekwe na yeyote, hata baba. Dhihaka moja yaweza kumfunga mtoto mdomo. Nawe mama ambaye hukupata shule, msikilize mwanao akusomee, kisha mshukuru. Hapo umemfundisha.

Usimsahau bibi. Mtoto wa jicho akimzidia, Biblia yake hubaki imefungwa. Mpelekeni hospitali, kwani hali hiyo hutibiwa kwa upasuaji. Ila leo usiku msomee zaburi aipendayo, polepole. Huenda mstari wa mwisho akautamka yeye kabla yako.

Mungu azibariki nyumba zenu.