Kuzaa kwa utulivu si mambo ya wazungu

Kuna neno linalotembea sana huku kwetu, tangu Mboko mpaka Lulimba: eti mwanamke wa kweli anazaa kimya. Akilia, watasema ni mwoga. Akichelewa kuzaa, watasema kuna jambo anaficha. Na kila mara mtu akitaja mafundisho ya kupumua na kulegeza mwili kwa wenye mimba, kuna mzee atakayesimama na kusema: hayo ni mambo ya wazungu, mama zetu hawakuyahitaji. Andiko hili linawajibu wazee hao, kwa heshima yote, lakini bila kufichaficha. Mambo hayo si ya wazungu, na mama zetu waliyahitaji. Sisi ndio tumewanyang'anya wake zetu na binti zetu.

1. Tunaongea juu ya kitu gani?

Tueleze kwanza, maana wengi wanapinga kitu wasichokijua. Mwaka 1933 daktari mmoja Mwingereza, Grantly Dick-Read, alichapa kitabu kinachosema hivi: woga unakaza mwili, mwili uliokazwa unaongeza maumivu, na maumivu yanarudisha woga. Ni duara. Ukiivunja mahali pamoja, yote inalegea. Mwaka 1951 daktari Mfaransa, Fernand Lamaze, alisafiri mpaka Urusi, akaona wamama wanafundishwa mapema jinsi ya kupumua na kuelewa kazi ya mwili wao. Aliporudi Paris akaanzisha mafundisho hayo katika materinite ya wafanyakazi wa vyuma. Mwaka 1989, huko Marekani, Marie Mongan akaongeza njia ya kuingiza akili katika utulivu mkubwa kwa maneno ya upole. Hiyo ndiyo wanaita hipnosi ya uzazi. Wanaosoma Kifaransa wanajua pia ndugu yake, sofrolojia, iliyoanzishwa na Alfonso Caycedo mwaka 1960.

Neno hipnosi linatisha watu. Wanafikiri ni kulogwa, au mama atapoteza akili na kusema siri zake. Hapana. Mama anasikia kila kitu na anajibu. Ni kama mtu anayeimba kanisani mpaka anasahau kwamba amesimama saa mbili. Miguu ilikuwa inachoka, lakini akili ilikuwa mahali pengine.

2. Woga unafanya nini mwilini

Mimi ninafundisha biolojia, basi niruhusiwe kuchora ubaoni kidogo. Kizazi ni msuli. Kinachokiamuru kujikaza na kufungua mlango wake, mpaka sentimita 10, ni homoni inayoitwa oksitosini. Homoni hiyo inapenda giza kidogo, joto, na watu unaowaamini. Mtu akiogopa, mwili unatoa nyingine, adrenalini, ile ya kukimbia simba au risasi. Adrenalini inapeleka damu kwenye miguu na mikono, na ikizidi inaweza kupunguza nguvu ya kizazi. Uchungu unarefuka, mama anachoka, na mtoto naye anachoka.

Kila mfugaji anajua jambo hili. Mbuzi anayezaa ukimzunguka na kelele za watoto, anasimamisha kazi na kutafuta pembe nyingine. Tunamheshimu mbuzi, tunamfukuzia watoto. Juu ya nini tunashindwa kumheshimu mwanadamu?

Kutuliza mwili hakuhitaji mashine wala mafranga. Mama anavuta hewa polepole kwa pua, anaitoa polepole zaidi kwa mdomo, mataya na mabega yamelegea. Anafanya hivyo kila siku tangu mwezi wa saba, ili siku ya uchungu mwili ukumbuke wenyewe. Mazoezi ni kama hesabu: hayasomwi asubuhi ya mtihani.

3. Kwetu ilikuwako

Sasa nawauliza wazee: bibi zenu walizaa namna gani? Je, waliachwa peke yao? Mwanamke alizungukwa na wanawake waliomjua tangu utoto wake. Mmoja alimkalia mgongoni na kumsugua kiuno, mwingine alimshika mikono, mwingine aliimba au kumwongelesha. Alitembea, akachuchumaa, akapiga magoti, alivyotaka mwenyewe. Kumbe hayo ndiyo mambo yanayofundishwa leo kwa bei kubwa katika miji ya Ulaya! Dick-Read mwenyewe alizunguka Afrika katika miaka ya 1950 akitazama jinsi wamama wanavyozaa, na mwaka 1955 akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Mzungu alikuja kusoma kwetu, na sisi tunasema ni ya mzungu.

Kitu kilichotoka Ulaya kwa kweli ni kile tunachokiona leo kuwa kawaida: kulala chali juu ya meza, miguu juu. Mmoja wa waliotetea mama azae akiwa amelala kitandani ni daktari Mfaransa François Mauriceau, katika kitabu chake cha mwaka 1668. Kulala chali kunamrahisishia anayezalisha. Hakumrahisishii anayezaa.

4. Lakini tusipake mila asali

Nisidanganye. Kuna mila nyingine ambayo ninaomba ife, na ninaomba ife katika kizazi chetu. Ni ile ya kumwambia mwanamke ambaye uchungu wake umechelewa: taja wanaume. Inajulikana sehemu nyingi za Afrika, na huku haijaisha. Mwanamke amechoka, mtoto amekaa vibaya ao nyonga ni ndogo, na wakati ambapo angepakiwa kwenye pikipiki ao mtumbwi kufikishwa hospitali, anahojiwa kama mwizi. Hakuna kitu kinachozaa woga kuliko hicho. Na woga huo unakula saa ambazo zingeokoa watu wawili.

Hata ile sifa ya kuzaa kimya ni mzigo. Mwanamke anayelia hajavunja heshima ya ukoo. Sauti nzito ya kuguna wakati wa kusukuma inamsaidia kulegeza mwili. Anayekatazwa sauti anakaza mataya, anakaza mabega, anakaza kila kitu.

5. Na materinite zetu je?

Wako watakaosema: basi tatizo ni kijiji, tumpeleke mama materinite, tumalize. Nakubali kwamba aende. Nitarudia hapo chini. Lakini tuseme wazi kinachotokea katika vyumba vingine vya kuzalishia. Mama anafika usiku, shangazi yake anazuiwa mlangoni. Anaambiwa alale, asitembee. Akilia anajibiwa: wakati ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba, ulilia? Kuna wanaopigwa kofi kwenye paja. Waalimu wa kike wananisimulia, jirani wananisimulia, na wanafunzi wangu wa humanite ya nne wanasikia hayo kutoka kwa dada zao. Halafu tunashangaa kwamba wengine wanabaki nyumbani mpaka dakika ya mwisho. Kinachowafukuza ni ulimi wetu. Ujinga hausiki hapo.

Najua infirmiye na akushezi wetu wanafanya kazi ngumu, mara nyingi bila mshahara wa kueleweka, mmoja kwa wamama wengi. Sitaki kuwatupia mawe. Lakini neno zuri halinunuliwi sokoni Baraka. Lina bei ileile kama neno baya.

Kuna jambo jingine ambalo Fizi haina haki ya kusahau. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 wanajeshi walibaka wanawake wengi katika mji wa Fizi, na mwezi wa pili mahakama ya kijeshi iliketi Baraka ikawahukumu, pamoja na mkubwa wao luteni-kanali aliyepata miaka 20. Hao walikuwa sehemu tu ya wanawake wa inchi hii waliopitia ubaya wa namna hiyo. Wengi wao walizaa baadaye, na wengine watazaa kesho. Mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu siku moja, anapolazwa chali na mtu asiyemjua, akishikwa mapaja na kupigiwa kelele, mwili wake unakumbuka. Kwake yeye, kuomba ruhusa kabla ya kumgusa, kumweleza kinachofanyika na kumwachia ndugu yake karibu ni dawa.

6. Wachungaji wetu

Wako wanaoleta Mwanzo 3:16 na kusema uchungu wa kuzaa ni amri, anayeupunguza anapinga Mungu. Nawaomba waendelee kusoma mistari inayofuata, ambapo Adamu naye anapewa taabu na jasho. Katika Kiebrania neno la taabu ya Eva na neno la taabu ya Adamu ni lilelile. Kama ni amri, kwa nini mwanaume anapanda pikipiki na kupeleka mihogo kwenye mashine ya kusaga? Jasho lake analipunguza kwa furaha, uchungu wa mke wake anautetea kwa Biblia! Na kwa Wakatoliki jambo hili liliisha zamani: tarehe 8 mwezi wa kwanza 1956, Papa Pio wa 12 aliwaambia madaktari kwamba njia hizi za kuzaa bila maumivu hazipingani na imani.

7. Mipaka ya jambo hili

Sasa niwageukie wapenzi wa njia hizi, maana nao wanaharibu wakipitisha kipimo. Wachunguzi walikusanya mwaka 2016 masomo 9 juu ya hipnosi, yenye wamama karibu 3,000. Walikuta kwamba wamama waliofundishwa huenda wanatumia dawa za maumivu kidogo kuliko wengine, lakini si miujiza. Lililo na nguvu zaidi ni lile la bibi zetu, yaani mtu wa kukaa na mama tangu mwanzo mpaka mwisho. Masomo 26 kutoka inchi 17, yenye wamama zaidi ya 15,000, yaliyokusanywa mwaka 2017, yalionyesha kwamba mama aliyesindikizwa uchungu wake unafupika, anazaa kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, na anapasuliwa mara chache.

Kupumua hakuzuii damu inayomwagika baada ya kuzaa. Hakushushi presha, hakugeuzi mtoto aliyekaa vibaya. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulihesabu vifo 846 vya wamama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai katika Kongo. Anayemwambia mwenye mimba abaki nyumbani kwa sababu amejifunza utulivu, huyo ni muuaji mwenye sauti tamu. Mama aende CPN, azalie kwenye watu wenye sindano ya kusimamisha damu, iwe Baraka, Fizi ao Nundu. Na aende bila woga. Mambo hayo mawili yanatembea pamoja.

8. Tunachodai

Kwanza, kila materinite ya Fizi na Baraka imruhusu mama kuingia na mtu mmoja anayemchagua mwenyewe. Tunawaachia garde-malade wapike nje, tunawanyima kazi iliyo kubwa zaidi. Pazia moja kati ya vitanda linatosha kulinda siri za wengine.

Pili, siku ya CPN, wamama wanapongoja kwenye benchi tangu asubuhi, wafundishwe kupumua, kutembea na kuchagua namna ya kukaa. Shirika la Afya Duniani liliandika hayo yote katika maagizo yake ya 2018: msindikizaji, heshima, mbinu za kutuliza mwili, uhuru wa kutembea. Si mimi mwalimu wa kijiji ninayetunga.

Tatu, wakunga wetu wa jadi wasifukuzwe kama wachawi, wala wasiachiwe kuzalisha peke yao. Wapewe kiti karibu na kitanda, wasugue mgongo na kusema maneno wanayoyajua, akushezi akifanya kazi yake.

Msaada wa nje unakuja na kwenda. Madaktari Wasio na Mipaka walifika Baraka mwaka 2003, na mwisho wa 2020, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa, walitangaza kuondoka Fizi. Gari iliondoka, dawa zilipungua. Lakini mkono wa shangazi haukuondoka na gari. Pumzi ya mama haingoji ndege ya kutoka Bukavu. Kama hicho nacho tutakikataa, tukikiita cha wazungu, basi tusilaumu vita wala serikali: mlango wa chumba cha kuzalia tutakuwa tumeufunga sisi wenyewe.