MBIO ZA LIKIZO: JE, WA MWISHO ATARUDI TENA?



Likizo kubwa ni wakati wa kufunga madaftari na kunyosha miguu. Katika mikoa ya kusini ya Kongo yetu miezi ya 7 na 8 ni kiangazi: mvua imekatika, njia zimekauka, na asubuhi ya Lubumbashi ina baridi hata watoto huota moto kabla jua halijapanda. Huko Kinshasa nako mawingu huficha jua siku nyingi, na joto hupungua. Hayo ni majira mema ya kukimbia. Ndiyo sababu vijana wengi huchora mstari chini kwa kijiti na kuulizana: Nani ana mbio kuliko wenzake?

Leo twataka kusema juu ya mashindano hayo madogo ya kirafiki: meta 100, meta 200, meta 400, na pengine 1,500. Hayana mshahara wala tikiti za kuingilia. Watu wazima wengine huyadharau wakidhani ni michezo ya watoto tu. Lakini ndani yake kijana hujifunza mambo mawili makubwa: kushinda bila majivuno, na kushindwa bila kukata tamaa. Au hujifunza kinyume chake. Hapo ndipo penye shida.

Tazameni mambo yanavyokwenda mara nyingi. Jumapili ya kwanza hukimbia vijana 20. Wa kwanza hubebwa mabegani, wa mwisho huchekwa. Jumapili ya pili huja 12. Jumapili ya tatu huja 5, nao ni wale wale waliotangulia tangu mwanzo. Wengine 15 wameketi chini ya mwembe wakitazama. Wamekwisha kujiambia: "Mimi si mtu wa mbio." Neno hilo, kijana akilisema akiwa na miaka 12, aweza kulibeba mpaka uzeeni, na mwili wake usikimbie tena hata siku moja. Na wale watano watashindana na nani? Hata bingwa hawezi kushindana na kivuli chake. Mbio zimekufa.

Basi, kipimo cha mashindano ya kirafiki si kasi ya yule wa kwanza. Kipimo chake ni hiki: je, yule wa mwisho atarudi Jumapili ijayo?

Neno lililoongezwa mwaka 2021

Watu wengi wanajua kwamba Michezo ya Olimpiki ina maneno yake matatu ya Kilatini: Citius, Altius, Fortius, yaani upesi zaidi, juu zaidi, kwa nguvu zaidi. Wachache wanajua kwamba maneno hayo yalitoka katika michezo ya shule. Padre Henri Didon, Mdominiko, alikuwa mkuu wa shule ya Albert-le-Grand huko Arcueil, karibu na Paris. Mwaka 1891 aliwapa wanafunzi wake maneno hayo katika mashindano yao ya michezo. Rafiki yake Pierre de Coubertin aliyapenda, na mwaka 1894, wakati wa kuianzisha upya Michezo ya Olimpiki, akayachukua yawe maneno ya michezo hiyo.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 120 maneno yalibaki matatu. Kisha mwezi wa 7 wa mwaka 2021, huko Tokyo, Halmashauri ya Olimpiki iliongeza neno la nne: Communiter, maana yake pamoja. Kwa nini? Kwa sababu kasi bila wenzi haina maana. Mtu akikimbia peke yake porini, nani atasema kama ni mwepesi au mzito? Yule unayemshinda ndiye anayekupa ushindi wako. Ukimcheka, wamcheka mfadhili wako.

Mifano miwili

Tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 1954, katika mji wa Oxford, Uingereza, Roger Bannister alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja, ndiyo meta 1,609, kwa muda uliopungua dakika 4. Alitumia dakika 3 sekunde 59 na sehemu 4 za kumi. Bannister hakulipwa kwa kukimbia. Alikuwa mwanafunzi wa uganga katika hospitali ya London, na mara nyingi alifanya mazoezi yake saa ya chakula cha mchana. Lakini hakukimbia peke yake. Rafiki yake Chris Brasher alitangulia mbele katika mizunguko ya kwanza ili kumwekea mwendo. Brasher alipochoka, Chris Chataway alishika nafasi hiyo. Marafiki hao wawili walijua kwamba jina litakalovuma si lao. Hata hivyo walikimbia kwa moyo wote.

Mfano wa pili watoka Australia. Mwezi wa 3 mwaka 1956, katika mashindano ya maili moja huko Melbourne, kijana Ron Clarke alijikwaa akaanguka. John Landy, aliyekuwa nyuma yake, alimruka, lakini misumari ya kiatu chake ikamkwaruza. Landy akasimama, akarudi nyuma, akamtazama Clarke kama ameumia. Wenzake wengine walikuwa wamekwisha kwenda mbali. Clarke aliposema kwamba ni mzima, wote wawili walianza tena kukimbia, na Landy akawafuata wengine, akawapita, akashinda. Tangu siku ile wakimbiaji wengi wamefika upesi kuliko Landy. Lakini kule kurudi kwake nyuma kwakumbukwa hata leo.

Namna ya kupanga mbio ili wote wapate furaha

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ninyi vijana mnaotaka kupanga mbio mtaani au katika uwanja wa parokia, fanyeni hivi.

Kwanza, pimeni njia kwa haki. Chukueni kamba isiyonyumbuka, mwombeni seremala meta yake, mkate kamba ya meta 25. Mara nne ni meta 100. Ondoeni mawe na vipande vya chupa. Msiuweke mstari wa mwisho karibu na ukuta au barabara ya pikipiki: acheni mbele yake nafasi ya meta 20 au zaidi, kwani mwenye kasi hawezi kusimama mara moja.

Pili, andikeni muda wa kila mtu, si wa washindi tu. Saa iliyo ndani ya simu yatosha. Mwenye kuanzisha mbio na apige filimbi huku akishusha kitambaa, na mwenye saa atazame kitambaa, asingoje sauti. Sauti yakwenda meta 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo yachelewa karibu sehemu 3 za kumi za sekunde kupita meta 100, na kwa mbio fupi huo ni muda mkubwa. Kila mkimbiaji awe na ukurasa wake katika daftari. Wiki hii ametumia sekunde 19, wiki ijayo sekunde 18: yeye ameshinda, hata akiwa wa mwisho. Amejishinda mwenyewe.

Tatu, katika mbio za meta 1,500, jaribuni kuwatanguliza wasio wepesi. Tuseme wiki iliyopita mmoja alitumia dakika 8, wa pili dakika 6, wa tatu dakika 5. Leo yule wa dakika 8 aanza kwanza. Baada ya dakika 2 aanza yule wa dakika 6. Ikipita dakika 1 tena, aanza yule wa dakika 5. Kila mmoja akirudia mwendo wake, wote watatu watafika pamoja! Lakini yule aliyefanya mazoezi atafika mbele, awe mwepesi au mzito. Hapo watazamaji hushangilia mpaka mwisho, na bingwa naye hupata kazi, kwani ana watu wa kuwafukuza. Desturi hii si ngeni. Huko Stawell, Australia, tangu mwaka 1878 hukimbia hivyo mbio za meta 120 hivi, ila wao huwatenga watu kwa meta badala ya dakika, nao hukimbilia fedha.

Mtasema: "Je, mjanja akikimbia polepole makusudi, ili wiki ijayo atangulizwe?" Dawa yake ni rahisi: hesabuni muda wake ulio bora tangu likizo kuanza, si ule wa juzi. Ujanja wake utafaa mara moja tu.

Mwili wataka akili

Mbio fupi zaonekana rahisi, lakini zaweza kuumiza kupita mbio ndefu, kwa sababu misuli yavutwa kwa nguvu zote ghafula. Asubuhi ya baridi usitoke kitandani ukaenda moja kwa moja kwenye mstari. Tembea, kisha kimbia polepole kwa muda wa dakika 10, ukaongeze kasi kidogo kidogo mpaka mwili upate moto.

Usile chakula kizito karibu na kukimbia. Acha zipite saa 2 au 3. Kunywa maji safi. Mwenye homa asikimbie kabisa, na aliyetoka kuugua malaria angoje mpaka nguvu zimrudie. Mwenye pumu, au aliyewahi kuzimia au kuumwa kifuani alipokimbia, amwone mganga kwanza. Vumbi la kiangazi nalo ni adui: nyunyizeni maji njiani ikiwezekana, au tafuteni uwanja wa majani.

Jifunzeni pia kugawa nguvu. Katika meta 100 hata mabingwa wa dunia hupungua kasi meta za mwisho. Mara nyingi mshindi ni yule anayepungua kidogo kuliko wengine. Katika meta 400, anayemaliza nguvu zake zote katika meta 100 za kwanza ataona miguu yake imekuwa mawe kabla ya kufika. Kongo yetu imepata mwalimu mzuri wa mbio hizo: Gary Kikaya, aliyezikimbia mwaka 2006 huko Stuttgart, Ujerumani, kwa sekunde 44 na sehemu 10 za mia, ikawa rekodi ya Afrika nzima. Muda kama huo haupatikani kwa nguvu tu. Wahitaji mtu anayejua wapi atie nguvu na wapi ailegeze.

Wanafunzi wanaosafiri wakati wa likizo wakumbuke jambo moja zaidi. Anayetoka Kinshasa kwenda Bukavu, mji ulio juu ya bahari kwa meta 1,500 hivi, asishangae akikosa pumzi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Ndivyo ilivyoonekana katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, ile ya kwanza ambayo Kongo yetu ilishiriki. Mji ule uko juu kwa meta 2,240. Wa mbio fupi walivunja rekodi, kwa sababu hewa haikuwazuia sana. Wa mbio ndefu walihema na kuchelewa. Basi mgeni aanze na mbio fupi, aupe mwili wake siku kadhaa kuizoea hewa.

Neno kwa wazazi

Ninyi wazazi, msiseme kwamba kukimbia ni kupoteza nguvu za kuchota maji. Mtoto anayekimbia kwa kiasi hulala vizuri na hula vizuri. Wala msiwazuie mabinti. Moyo wa msichana na mapafu yake vyahitaji mazoezi kama vya kaka yake. Ikiwa kazi za nyumbani zamzuia kufika uwanjani, kaka yake na ashike ndoo siku hiyo. Huo nao ni mchezo wa haki.

Angalieni pia watu wanaokuja kuweka fedha juu ya vijana. Siku fedha zinapoingia katika mbio za mtaani, urafiki hutoka kwa mlango wa nyuma: mdogo hulazimishwa kukimbia akiwa mgonjwa, na anayeshindwa huonekana amemwibia mtu. Zawadi ikitakiwa, iwe ya wote: kikapu cha machungwa kitakacholiwa pamoja, wa kwanza na wa mwisho wakiketi mkeka mmoja.

Na ninyi vijana wenye mbio, twawapa kazi moja ngumu kupita mazoezi yote. Mkiisha kufika, msiondoke wala msiketi. Rudini kando ya njia mkamngoje yule wa mwisho. Mwiteni kwa jina lake mpaka avuke mstari. Kisha mwambieni muda wake, mkamkumbushe saa ya kukutana Jumapili ijayo.

Likizo njema kwenu nyote.