Nyota za Kamanda na Jalada la Pande

Katika Jiji la Dar es Salaam ni vyeo vichache vinavyotazamwa na wananchi kwa karibu kama cheo cha kamanda wa polisi. Mkurugenzi wa idara wizarani aweza kutumikia umma miaka kumi asijulikane hata na jirani zake wa Mbagala au Tegeta. Kamanda wa polisi hujulikana sura, jina na sauti tangu wiki yake ya kwanza. Ndiye atangazaye waliokamatwa, ndiye asimamaye nyuma ya meza yenye bunduki na mapanga yaliyopatikana, na ndiye anayeulizwa kila damu inapomwagika.

Cheo hicho pia ni ngazi. Dar es Salaam ni Kanda Maalum ya Kipolisi, na chini yake imo mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke, kila mmoja na kamanda wake. Simon Sirro alitoka katika kiti cha Kanda hiyo akateuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi tarehe 28 Mei, 2017, akampokea Ernest Mangu. Camillus Wambura, aliyepata kuwa kamanda wa Kinondoni, alifikia kiti hicho hicho Julai 2022 baada ya kuwa Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai, naye Sirro akapelekwa kuwa balozi Zimbabwe. Hapana ubaya wowote afisa akipanda. Lakini kwa kuwa ngazi ipo, umma una haki ya kuuliza ni kipimo gani kinachotumika kumpandisha mtu.

Kwa muda mrefu kipimo kilichosikika zaidi masikioni mwa wananchi kimekuwa idadi: majambazi kadhaa wameuawa, silaha kadhaa zimekamatwa, magari kadhaa yamepatikana. Taarifa ya namna hiyo hupokelewa kwa furaha, na furaha hiyo haishangazi. Mwenye duka la jumla Tandika aliyevamiwa mara mbili hana subira ya kusikiliza habari za mwenendo wa mashauri. Mwalimu wa Mbezi anayerudi nyumbani usiku kwa miguu kutoka kituo cha basi anataka njia iwe salama, basi. Hata hivyo neno “jambazi” likitamkwa na kamanda juu ya mtu aliyekwisha kufa, huwa ni hukumu isiyo na rufani. Marehemu hawezi kusimama kizimbani kuikana.

Tarehe 14 Januari, 2006 watu wanne waliuawa kwa risasi katika msitu wa Pande, Mbezi Luis, wakati huo katika Wilaya ya Kinondoni. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, wa nne dereva wa teksi aliyekuwa amewachukua. Umma ulielezwa kwamba ni majambazi waliopora fedha katika Barabara ya Sam Nujoma, wakauawa katika majibizano ya risasi na polisi. Taarifa ilikuwa na kila kitu ambacho taarifa nzuri huwa nacho: mahali, uhalifu, ushujaa na ushindi. Kilichokosekana ni ukweli. Ndugu wa marehemu walikataa kunyamaza, habari zikamfikia Rais Jakaya Kikwete, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili Ikulu, naye akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ikabaini kwamba waliouawa hawakuwa majambazi.

Maafisa na askari kumi na watatu walifikishwa mahakamani, na mshtakiwa wa kwanza alikuwa Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam. Yafaa isemwe waziwazi, maana mitaani bado yasemwa vingine: Mahakama Kuu, chini ya Jaji Salum Massati, ilimwachia huru Agosti 2009, na Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikaacha uamuzi huo usimame kwa upande wake. Kisheria hana hatia. Aliyetiwa hatiani katika rufani hiyo ni Christopher Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Kinondoni, akahukumiwa kunyongwa. Yeye pia, kama wengine wote, alikuwa ameachiwa na Mahakama Kuu.

Wako wanaosema kwamba shauri hilo lilihusu watu wachache waovu na limekwisha. Jibu hilo ni jepesi mno. Taarifa ya uongo haikuzaliwa msituni peke yake. Ilihitaji watu wa kuiandika, kuipokea, kuipitisha na kuitangaza, na katika safari hiyo yote hakutokea wa kuuliza mbona hakuna hata askari mmoja aliyekwaruzwa katika majibizano hayo. Haikuulizwa kwa sababu taarifa ilifanana na nyingine nyingi zilizokwisha kusifiwa. Mtumishi yeyote wa umma aijua tabia hii. Ofisi ikisifiwa kwa idadi, italeta idadi. Mkaguzi akihesabu madaftari yaliyosahihishwa bila kuyafungua, yatasahihishwa madaftari mengi na watoto watabaki hawajui kusoma.

Wala haifai kusahau upande wa askari mwenyewe. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa usiku, watu saba wakauawa, wakiwamo askari wanne, na silaha zikaporwa. Agosti 2016 askari wengine wanne waliuawa kwa risasi Mbande, Temeke, walipofika kubadilishana lindo kwenye tawi la benki. Kamanda anayezika vijana wake hawezi kuambiwa kwamba awakabili wenye bunduki kwa maneno matamu. Sheria yenyewe yamruhusu askari kutumia nguvu inapobidi. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya risasi kunyamaza, mtu mwingine asiyekuwa mpigaji aeleze kilichotokea. Nchi inayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, na kifo cha mtu mikononi mwa polisi ni kifo cha kuchunguzwa kama kingine chochote. Ibara ya 13 ya Katiba nayo inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika mahakamani, na haikumtoa mtu yeyote katika kinga hiyo kwa sababu amefia msituni.

Taifa hili limewahi kuweka kipimo kirefu kuliko hiki. Mwaka 1976 wananchi waliteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, katika msako wa waliodhaniwa kuwa wauaji wa vikongwe. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, hakumpiga mtu wala hakuagiza apigwe. Januari 1977 alijiuzulu kwa kuwa mambo hayo yalitendeka chini ya wizara yake. Alitumwa kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 wananchi wakamchagua kuwa Rais. Kuwajibika hakukuua utumishi wake. Ajabu ni kwamba mfano huo husifiwa sana katika hotuba na kuigwa mara chache sana maofisini.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambayo ripoti yake ilikabidhiwa Julai 2023, ilipendekeza kazi ya upelelezi itenganishwe na Polisi. Mapendekezo hayo yanastahili kutekelezwa, lakini hata kabla ya muundo kubadilika, wanaopima maafisa kwa ajili ya kuwapandisha vyeo wanaweza kubadili maswali. Badala ya wangapi wameuawa, iulizwe ni majalada mangapi yamesimama mahakamani bila kuanguka kwa uzembe wa upelelezi. Iulizwe kama mwanamke wa Yombo Vituka akienda kituoni saa nne za usiku huandikiwa malalamiko yake bila kudaiwa fedha ya karatasi. Iulizwe ni mara ngapi kamanda mwenyewe amempeleka askari wake mbele ya sheria kabla gazeti halijamlazimisha. Maswali hayo hayana picha nzuri ya kupigwa mezani, na majibu yake huchelewa. Mji nao umefikia watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya mwaka 2022, na kila mmoja anataka jibu leo.

Kuhusu kuchelewa, familia za Mahenge zina lao la kueleza. Kutoka siku ya Pande hadi hukumu ya Mahakama ya Rufani ilipita miaka kumi na miezi minane. Katika muda huo Dar es Salaam iliongozwa na Alfred Tibaigana, kisha Suleiman Kova, kisha Simon Sirro, na kila mmoja alizungumza na waandishi mara nyingi kuhusu majambazi. Taarifa ya Januari 2006, iliyowaita watu wanne kwa jina hilo, ilitolewa kwa siku chache tu.