Maelekezo ni Sehemu ya Mtambo
Wako watengenezaji wa jenereta wanaokiona kijitabu cha maelekezo kuwa ni karatasi ya kujazia sanduku tu. Hilo ni kosa kubwa. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala ndani. Onyo lililofichwa katika kurasa za mwisho, tena kwa lugha asiyoielewa mtumiaji, ni sawa na kutokuwapo. Kiwango cha kimataifa namba 82079, kilichotolewa upya mwaka 2019, huyahesabu maelekezo kuwa sehemu ya chombo chenyewe. Hapana budi, basi, mwandishi amtazame kwanza mtumiaji akiuwasha mtambo, ndipo aandike: onyo mbele, hatua moja moja, kwa lugha ya mtumiaji. Naye mnunuzi adai kijitabu hicho kama anavyodai risiti.