Rubani wa ndege ya vita: diploma ya Leta peke yake haitoshi

Tarehe 24/01/2023, wakaaji wa Goma waliona kwa macho yao Sukhoi ya FARDC ikipigwa kombora juu ya muji, kisha ikatua. Rwanda ilisema ndege iliingia katika anga yake, Kinshasa ikakatala. Vijana wa hapa wanaiota ndege ile ile.

Masharti ya mwanzo si ya ajabu: kuwa Mukongomani, kufikisha miaka 18 na, kwa anayetaka kuwa ofisa, diploma ya Leta. Muganga naye atapima macho, masikio na moyo.

Ugumu unaanza kisha pale. Sukhoi-25 ya vita iko na kiti kimoja tu, mwalimu hana pa kukaa. Mwanafunzi anatangulia kwenye ndege ya viti viwili, na kila saa ya kuruka inakula mafuta na pesa. Wakati wa Mobutu jeshi lilikuwa na Aermacchi za Italia kwa kazi hiyo.

Mwito wa Rais Tshisekedi wa Novemba 2022 uliita vijana jeshini. Haukuahidi mutu kiti cha rubani. Kijana aulize mbele ya kuandikisha jina: nitatumwa masomo gani, wapi, miaka mingapi? Akijibiwa "tutaona", basi ajue pengine atapewa bunduki na kupelekwa mustari wa mbele, kwa miguu.