Anayekuagiza umalize kitabu, yeye alikimaliza?

Nyinyi mnaoishi Marekani mmeusikia ushauri huu nje ya kanisa au kwenye harusi, mara tu mtu anapotaja kwamba mwezi ujao anaanza kozi ya CNA, ile ya wasaidizi wa wauguzi. Kitabu kimalize kabla ya siku ya kwanza, anaambiwa, la sivyo darasa litakuacha. Wanaousema ni watu wazima wenye nia njema. Nia njema naiweka kando. Naomba tupime hoja, nanyi muwe mahakimu.

Hoja kuu ni kwamba kozi ni fupi na kitabu ni kinene, kwa hiyo asiyetangulia kusoma hatafika mwisho. Nusu ya kwanza naikubali bila ubishi. Kanuni za shirikisho, zilizotokana na sheria ya 1987, zinadai saa 75 tu za mafunzo kwa wasaidizi wa nyumba za wazee, na kati ya hizo zisizopungua 16 ziwe za vitendo. Majimbo mengine yameongeza: Texas 100, California 160, Maine 180. Lakini kanuni hizohizo zinataja pia kinachotangulia. Kabla hujamgusa mkazi yeyote, lazima ufundishwe kwa saa 16 au zaidi mambo matano: mawasiliano, kuzuia maambukizi, usalama na dharura (ikiwemo kumwokoa aliyepaliwa), kumwachia mkazi ajifanyie anachoweza, na haki zake. Basi fungua sura hizo tano. Sura nyingine zitakusubiri.

Na mpe mshauri huyo dakika tano zaidi. Atakwambia kozi yenyewe ni nyepesi, wiki chache tu unaanza kulipwa. Kama ni nyepesi, kitabu kizima usiku na mchana cha nini? Kama bila kitabu kizima utaachwa, wepesi uko wapi? Achague moja.

Hoja ya pili: soma mara tatu, pigia mistari ya rangi, kitaingia tu. Kwa haki yake, ukirudia ukurasa unahisi umeuelewa. Shida iko kwenye kuhisi. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walichapisha majaribio yao: wanafunzi wengine walirudia kusoma kifungu, wengine walikisoma mara moja kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia walishinda, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja wakaanguka hadi 42, na waliojipima wakabaki na 56. Mtihani wa CNA haufanywi dakika tano baada ya kufunga kitabu. Funika ukurasa, taja hatua kwa sauti, ndipo ufunue uone ulichoruka.

Wa tatu anasema tafsiri kila neno kwa Kiswahili. Kuelewa kwa lugha yako ni jambo zuri, na hapa mswahili ana mtaji ambao mshauri hauoni. Mtu anayetenganisha "hatutawaona" bila kufikiri anashindwaje na viambishi vya kitabibu? "Hyper-" ni kuzidi, "hypo-" ni kupungua. Presha ya kupanda na presha ya kushuka, tofauti tuliyoijua kabla ya kupanda ndege. "Tachy-" ni mbio, "brady-" ni polepole. Viambishi kumi vya aina hiyo vinafungua kurasa nyingi kuliko daftari la tafsiri, ambalo zamuni utalazimika kulirudisha kwenye Kiingereza huku muuguzi anasubiri jibu. Kisichokubali tafsiri ni vipimo: mwili wa nyuzi 37 kule nyumbani ni 98.6 za Farenhaiti hapa, na aunsi moja ya maji huandikwa mililita 30. Hivyo kariri.

Ya nne haistahili nafasi kubwa: asiyesoma Kiingereza haraka asijisumbue. Kanuni zinampa mtahiniwa haki ya kuchagua mtihani wa kusikiliza badala ya wa kuandika, na angalau nafasi tatu za kujaribu. Anayemkatisha mtu tamaa hajazisoma.

Imebaki kambi ya upande wa pili: kazi ni ya mikono, kitabu cha nini? Mtihani una sehemu mbili, maswali na vitendo, na lazima ushinde zote. Tena hata mikono ina maandishi yake. Sote tumenawa tangu utotoni, lakini mtahini anataka povu sekunde 20, vidole vikielekea chini, bomba lifungwe kwa karatasi kavu. Jaribu leo jikoni kwako, kitabu kikiwa kimefungwa. Mkono ukigusa ndani ya sinki, anza upya.