Tuzo za Utafiti katika Jiografia ya Uchumi: Kipimo Gani Kitumike?

Jiografia ya uchumi ni tawi la elimu linalochunguza mahali ambapo uzalishaji na biashara hufanyika, na sababu za kufanyika hapo badala ya penginepo. Nchini Uingereza na Marekani, vyama vya wanajiografia huwatunukia wanafunzi wa shahada za juu waliofanya utafiti bora katika tawi hili. Tuzo ya namna hiyo humfungulia mshindi mlango wa kazi, na kazi yake huwa kielelezo kwa wanafunzi wanaomfuata. Kwa hiyo waamuzi hawamtuzi mtu mmoja tu. Huamua pia utafiti wa kesho ushike njia ipi.

Aghalabu tasnifu husifiwa kwa upya wa nadharia na usahihi wa hesabu zake. Vipimo hivyo ni vya haki, lakini havitoshi, na historia yatoa ushahidi.

Mwaka 1933 Mjerumani Walter Christaller alichapisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani. Alionyesha kwamba bidhaa inayohitajiwa kila siku hupatikana katika vituo vingi vidogo, na ile inayohitajiwa kwa nadra hupatikana katika miji michache mikubwa. Katika nchi tambarare, maeneo ya soko ya vituo hivyo yangepangika kama pembesita za sega la nyuki. Wazo hilo lilikuja kumletea heshima. Mwaka 1964 Chama cha Wanajiografia wa Marekani kilimtunukia tuzo. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili, Christaller alikuwa amefanya kazi katika mipango ya utawala wa Kinazi kwa ajili ya Poland iliyotekwa. Nadharia ya vituo ilitumiwa kupanga makazi ya Wajerumani katika ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wakifukuzwa. Kasoro haikuwa katika hesabu. Vituo vilikaa sawasawa juu ya ramani, ila watu hawakuonekana.

Hapana budi, basi, kuongeza kipimo cha pili: je, mtafiti amewaona watu wanaoishi ndani ya ramani yake? Anayewaona huitajirisha hata nadharia yenyewe. Mwaka 1962 James Stine alieleza masoko ya Korea kwa kuanzia na wazo hilo hilo la vituo. Mahali ambapo wanunuzi ni wachache mno kumtosha mfanyabiashara akaaye pamoja, yeye mwenyewe huhama na mizigo yake, soko baada ya soko, kwa zamu ya siku. Mwanafunzi wa Tanzania aliyekwisha kuona gulio au mnada wa siku maalumu ataielewa hoja hiyo bila taabu.

Kipimo cha tatu ni kurudisha matokeo. Mwaka 1970 utafiti wa Charles Good kuhusu masoko ya Ankole, nchini Uganda, ulichapishwa Chicago kwa Kiingereza. Ni kazi ya thamani, lakini ni vigumu kufikiri kwamba ilifika mikononi mwa wauzaji wa masoko yale. Vivyo hivyo, tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki yaweza kukaa rafuni bila kusomwa na hata mmoja wa wakulima waliojibu maswali yake. Yafaa tuzo yoyote itakayoanzishwa katika nchi zetu iwe na sharti moja: mtafiti aandike muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, au kwa lugha ya wenyeji, na ausome mbele ya watu aliowachunguza kabla ya waamuzi kukutana.

Wapo watakaosema kwamba sayansi haipaswi kupimwa kwa manufaa ya papo kwa papo. Hoja hiyo ina uzito, kwani nadharia nyingi huchelewa kuzaa matunda. Hata hivyo, sharti hili halidai manufaa, bali ladai uthibitisho. Muuza samaki akionyeshwa ramani ya safari zake ataligundua kosa ambalo mtahini aliye mbali hawezi kuliona. Kurudisha matokeo ni sehemu ya sayansi yenyewe, wala si hisani kwa mwanakijiji.

Haya hayawahusu watu wa vyuo vikuu peke yao. Mwaka 2017 tuzo ya kimataifa ya Vautrin Lud, iliyoanza kutolewa nchini Ufaransa mwaka 1991, alipewa Akin Mabogunje wa Nigeria, mtaalamu aliyeichunguza kwa miaka mingi miji ya nchi yake. Mtafiti wa namna hiyo huanza kufunzwa mapema. Mwalimu wa sekondari aweza kuwatuma wanafunzi kwenye gulio lililo karibu, wakaandika kila muuzaji ametoka wapi, amelipa nauli kiasi gani na kesho atauza wapi, kisha wakachora ramani. Kazi hiyo isipewe alama mpaka ramani irudishwe gulioni na wauzaji waikosoe.